Makaburi ya mawe makubwa yalianzia wapi, na nguzo za Turkana zina undugu nayo?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari karibu na Lodwar. Kila ninapokwenda Kalokol napita kando ya zile nguzo za mawe za Namoratunga. Juzi mwanafunzi wangu alinionyesha video inayosema kwamba makaburi ya mawe makubwa ya Ireland, Ufaransa na Korea, pamoja na nguzo zetu hizi, ni kazi ya taifa moja la kale lililotoweka, na kwamba ujuzi wote ulitoka Misri. Je, kuna ukweli wowote? Yalianzia wapi hasa? Na yale makaburi ya nguzo ya Pwani yamo kwenye ukoo huo?

Jibu: Mwalimu, anza na tarehe, maana video nyingi za aina hiyo huishia hapo hapo. Piramidi ya kwanza ya Misri, ile ya ngazi ya mfalme Djoser kule Saqqara, ilijengwa karibu na mwaka 2650 KK. Kaburi la Newgrange nchini Ireland lilikuwa limekwisha kusimama tangu 3200 KK hivi. Vyumba vya kwanza vya Barnenez, kwenye pwani ya kaskazini ya Bretagne nchini Ufaransa, ni vya kati ya 4800 na 4500 KK, yaani Djoser alipotawala, Barnenez ilikuwa na umri wa karibu miaka 2000. Huwezi kumwiga mtu ambaye bado hajazaliwa.

Lakini usimcheke mwanafunzi wako. Alichokisikia ndicho kilichofundishwa katika vyuo vya Ulaya kwa zaidi ya nusu karne. Oscar Montelius, msomi wa Sweden aliyefariki 1921, aliamini kwamba nuru ya ustaarabu ilichomoza Mashariki ikaifikia Ulaya polepole. Gordon Childe, Mwaustralia aliyefundisha Edinburgh na London, aliwawazia hata wamisionari wa kale waliosafiri kwa vyombo vya baharini wakieneza dini ya makaburi ya mawe kutoka Mediterania hadi Hispania, Bretagne, Ireland na Skotilandi. Hawakuwa wajinga. Shida yao ni kwamba jiwe halina tarehe. Misri ilikuwa na orodha za wafalme. Ulaya ya zama hizo haikuwa na mwandiko wowote. Basi wakaenda kwa kufananisha. Kitu cha Krete, kisiwa cha Ugiriki, kinafanana na cha Misri ambacho umri wake unajulikana. Kaburi la Hispania linafanana na la Krete. Kwa hiyo la Hispania ni la baadaye kidogo, la Bretagne la baadaye zaidi, la Ireland la mwisho. Mnyororo huo ulipendeza, ila kila pete yake ilifungwa kwa kudhani kwamba mambo yalianza Mashariki, kisha mnyororo wenyewe ukaletwa kuwa ushahidi kwamba yalianza Mashariki.

Kilichoukata ni kaboni 14. Mwaka 1949 Willard Libby na wenzake huko Chicago walionyesha kwamba umri wa kitu kilichokuwa hai unaweza kupimwa. Mmea, mnyama au mtu huingiza kaboni hiyo mwilini maadamu yu hai. Akifa, haiingii tena, na iliyomo hupungua kwa mwendo unaojulikana, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5730 hivi. Kisha katika miaka ya 1960 Hans Suess akalinganisha vipimo hivyo na pete za misonobari ya California inayoishi maelfu ya miaka, ikadhihirika kwamba tarehe za zamani sana zilikuwa zimepunjwa kwa karne kadhaa. Ziliposahihishwa, makaburi ya Bretagne na Ireland yakarudi nyuma, huku tarehe za Misri zikibaki palepale kwa kuwa zilitoka kwenye maandishi. Mwaka 1973 Colin Renfrew wa Uingereza aliandika wazi kwamba mnyororo umekatika: wanafunzi wamewatangulia walimu wao.

Hapa nataka wanafunzi wako washike jambo moja, kwa sababu maswali mengine yote uliyoniuliza yanalitegemea. Hatupimi jiwe. Ukipima umri wa graniti ya Bretagne utapata mamilioni ya miaka, umri wa mwamba tu, na hutajua lolote kuhusu siku lilipoinuliwa. Tunapima kilichonaswa chini yake au kilichowekwa ndani: mfupa wa marehemu, kipande cha mkaa, pembe ya kulungu iliyotumika kama sururu. Na kila kimoja kina hila yake. Mkaa unaweza kuwa wa mti uliokuwa mzee kabla ya kukatwa. Mfupa unaweza kuwa wa mtu aliyezikwa miaka 1000 baada ya kaburi kujengwa, kwa sababu makaburi haya yalifunguliwa na kutumiwa tena na tena. Huko Bretagne, tena, udongo wa juu ya graniti una asidi inayoyeyusha mifupa, kwa hiyo palipo na makaburi ya zamani kuliko yote ndipo mara nyingi pasipo na maiti wa kupimwa. Mtu akikutajia tarehe ya jengo la mawe, muulize: umepima nini, na kilikuwa wapi?

Nikija kwenye swali lako la chimbuko: kwa Ulaya ya magharibi tuna jibu zuri kiasi. Mwaka 2019 Bettina Schulz Paulsson wa Chuo Kikuu cha Gothenburg alikusanya tarehe 2410 za kaboni kutoka kwenye makaburi ya mawe na maeneo yanayoyazunguka, kuanzia Skandinavia hadi Mediterania, akazipanga kwa hesabu. Picha aliyoipata ni kwamba makaburi ya kwanza yaliibuka kaskazini-magharibi ya Ufaransa katikati ya milenia ya tano KK, na ndani ya miaka 200 au 300 tu mengine yakaonekana katika pwani za Iberia (Hispania na Ureno), kusini mwa Ufaransa, Corsica na Sardinia. Karibu yote yako kandokando ya bahari. Mambo haya hayakutembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji, yalipanda vyombo. Kwa hiyo Childe alikuwa na haki nusu. Mabaharia walikuwepo, ila safari yao haikuanzia Mashariki.

Kuna wenzangu wasioridhika na hitimisho hilo, kwa sababu ya huo udongo wa asidi niliokutajia. Mimi nalikubali kwa sababu nyingine iliyo nje ya hesabu: kaskazini mwa Ufaransa ndiko unakoweza kuona hatua zilizotangulia jiwe. Katika bonde la Paris, mahali kama Passy, wakulima wa nusu ya kwanza ya milenia hiyo ya tano walimzika mtu mmoja au wawili ndani ya uwanja mrefu uliozungushiwa handaki na boma la miti, baadhi yake ukizidi mita 200. Ni kaburi kubwa tayari, ila ni la udongo na mbao. Umbo lake refu, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, linakumbusha nyumba ndefu walizoishi mababu wa wakulima hao, waliokuja kutoka bonde la Danube. Na kwenye pwani yenyewe ya Bretagne, katika visiwa vya Téviec na Hoëdic, wavuvi na wawindaji waliokuwepo kabla ya kilimo walizika wafu wao ndani ya mashimo yaliyojengewa mawe, wengine wakiwa wamefunikwa pembe za kulungu. Upande mmoja kuna watu wanaojua kujenga kaburi refu la kuonekana kutoka mbali. Upande mwingine kuna watu wa pwani wenye desturi ya kuzika kwa mawe na ujuzi wa bahari. Nadhani walipokutana ndipo kaburi la mawe makubwa lilipozaliwa. Nasema nadhani, lakini ni dhana yenye miguu.

Barnenez, kwa bahati mbaya iliyogeuka kuwa bahati njema, inaonyesha jinsi kazi ilivyofanyika. Ni tuta la mawe lenye urefu wa mita 72 na vyumba 11, kila kimoja na ujia wake. Mwaka 1955 mkandarasi aliyekuwa akitafuta mawe ya barabara alilifanya machimbo, akapasua vyumba kadhaa kabla hajasimamishwa. Leo ukisimama upande ule uliokatwa unaona ndani ya kaburi moja kwa moja: kuta za mawe membamba yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kila tabaka likijitokeza kidogo mbele ya lililo chini yake, hadi pande zote zikutane juu na kuwa paa.

Upande wa kusini wa Bretagne kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Kule Locmariaquer limelala jiwe lililovunjika vipande vinne, ambalo lilipokuwa zima lilikuwa na urefu wa takriban mita 20 na uzito wa karibu tani 300. Jirani yake kuna kaburi liitwalo Table des Marchands, na kilomita chache ng'ambo ya maji, kwenye kisiwa cha Gavrinis, kuna kaburi jingine ambalo kuta zake zimechorwa mistari ya mviringo karibu kila mahali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Charles-Tanguy Le Roux, alipokuwa akichunguza Gavrinis, alifunua upande wa juu wa jiwe la dari, upande ambao aliyeingia kaburini asingeweza kuuona. Palikuwa na mchoro wa mnyama mwenye pembe ndefu, umekatika katikati. Sehemu iliyobaki ya mchoro huo iko kwenye dari ya Table des Marchands. Makaburi mawili yamegawana jiwe moja, nguzo ya urefu wa mita 14 hivi iliyokuwa imesimama peke yake juani kabla ya mtu kuiangusha, kuikata na kuipeleka kufunika wafu. Kwa hiyo hata ndani ya eneo dogo hilo mambo yalibadilika: kizazi kimoja kilisimamisha nguzo, kingine kikaiona afadhali iwe paa. Mtu anayesema haya yote ni kazi ya taifa moja lenye fikra moja hajaingia Gavrinis.

Walizikwa akina nani? Zamani tulikuwa tunakisia. Sasa vinasaba vimeanza kujibu, na jibu linatofautiana kwa kila kaburi. Chukua Hazleton North, tuta refu katika vilima vya Cotswold huko Uingereza, lililofukuliwa kati ya 1979 na 1982. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya watu 35 waliozikwa humo miaka ya 3700 hadi 3600 KK. Kati yao 27 ni wa ukoo mmoja wa vizazi vitano, na wengi wao wanarudi kwa mwanamume mmoja na wanawake wanne aliozaa nao. Kaburi lina sehemu mbili, ya kaskazini na ya kusini, kila moja na mlango wake. Uzao wa wanawake wawili umelazwa upande mmoja, uzao wa wawili wengine upande wa pili. Mabinti wa ukoo waliofikia utu uzima hawamo. Bila shaka walizikwa walikoolewa. Wamo pia watoto wa kiume ambao mama yao alizaa na mtu wa nje ya ukoo, na bado wakapewa nafasi humo. Ulaya habari hii ilipokewa kwa mshangao mkubwa. Kwetu, mtu aliyekulia katika boma la wake wengi, ambako urithi hugawanywa kwa nyumba na si kwa vichwa, atauliza swali la pili mara moja: wake gani walikuwa pamoja, na kwa nini?

Newgrange ni habari nyingine kabisa. Tuta lake lina kipenyo cha mita 85 hivi, limezungukwa na mawe 97 ya ukingo, na ujia wake una urefu wa mita 19 kabla hujafika kwenye chumba. Juu ya mlango kuna kidirisha cha mawe. Michael O'Kelly, aliyelifukua kuanzia 1962 hadi 1975, alikuwa amesikia wenyeji wakisema kwamba jua huingia humo siku fupi kuliko zote katika mwaka. Tarehe 21 Desemba 1967 alikaa ndani gizani peke yake, na jua lilipochomoza mwale ukapita kwenye kile kidirisha hadi ukutani mwa chumba. Ulikaa dakika 17, kisha ukaondoka. Siku hizi watu hupiga kura ya bahati nasibu ili waingie asubuhi hiyo, na mawingu ya Ireland huwanyima wengi.

Mwaka 2020 mfupa wa fuvu la mwanamume aliyewekwa katika kona iliyopambwa kuliko zote za chumba hicho ulipimwa vinasaba. Ilionekana kwamba wazazi wake walikuwa ndugu wa damu wa karibu kabisa, ama kaka na dada, ama mzazi na mtoto wake. Magazeti yakamtawaza: mfalme-mungu, kama mafarao. Wanaakiolojia wengine wakapinga, nami niko upande wao. Kipande kimoja cha fuvu hakitoshi kubeba ufalme mzima, na kaburi la aina hiyo lilipokea mifupa iliyohamishwa kutoka kwingine na kupangwa upya. Tunajua kwamba ndoa ya aina hiyo ilitokea. Hatujui kama iliheshimiwa au ilifichwa.

Wanafunzi watataka kujua mawe yaliinuliwaje, maana hapo ndipo video huwaleta wageni kutoka sayari nyingine. Mfano bora ni Menga, huko Antequera kusini mwa Hispania, kaburi la kati ya 3800 na 3600 KK. Jiwe zito kuliko yote la paa lake lina tani 150. Machimbo yako umbali wa kilomita moja hivi, mahali palipo juu kuliko kaburi lenyewe, kwa hiyo mawe yalishushwa, hayakupandishwa. Mawe ya ukutani yaliingizwa kwenye mashimo marefu yaliyochongwa ndani ya mwamba, hivi kwamba sehemu kubwa ya kila jiwe imezama, nayo yameinamia ndani kidogo na kushikana ubavu kwa ubavu. Mapaa yakaburutwa juu yake yakiwa karibu usawa wa ardhi, kisha udongo wa ndani ukachimbwa na kutolewa. Hilo linahitaji kamba, magogo, sileji ya mbao (chombo cha kuburutia mizigo kisicho na magurudumu), na watu wengi waliokula wakashiba.

Hicho kipengele cha kula si utani. Katika kisiwa cha Sumba nchini Indonesia makaburi ya mawe yamejengwa hadi nyakati zetu hizi, na watu wa huko wakikusimulia juu ya kaburi fulani watakutajia idadi ya nyati na nguruwe waliochinjwa kabla hawajafika kwenye ukubwa wa jiwe. Mamia ya wanaume huvuta kwa pamoja, na mwenye kaburi huwalisha kwa siku zote hizo. Jiwe dogo lingetosha kumfunika marehemu. Wanachukua kubwa kwa sababu bila watu wengi haliendi, na huwapati watu wengi kama hujajenga undugu na deni nao.

Kuhusu Korea nitakuwa mfupi. Ina makaburi ya aina hii kwa maelfu mengi, labda kuliko nchi yoyote duniani, na yale ya Gochang, Hwasun na Ganghwa yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Lakini mengi yake ni ya milenia ya kwanza KK. Kati yake na Barnenez kuna miaka zaidi ya 3000 na bara zima ambalo halina mlolongo wa makaburi ya kuwaunganisha. Mawe matatu yaliyosimama na moja juu yake ni jibu rahisi kwa tatizo la kumfunika mtu asifukuliwe na fisi au mbwa mwitu, na watu wenye akili hulifikia bila kufundishwa. Madagaska nao wanasimamisha mawe kwa ajili ya mababu, na ni Mmalagasi, mwanaakiolojia Ramilisonina, aliyepelekwa kuiona Stonehenge, duara la mawe makubwa kusini mwa Uingereza, katika miaka ya 1990 akawaambia wenyeji wake Waingereza kwamba jambo liko wazi: mbao ni za walio hai, mawe ni ya mababu. Uchimbaji wa baadaye ulithibitisha kwamba Stonehenge ilikuwa na makaburi mengi ya watu waliochomwa, karibu 3000 KK, na kwamba kijiji chenye majengo ya mbao kilikuwa kilomita tatu tu kutoka hapo.

Sasa turudi kwako Turkana, ambako nadhani pana somo kubwa kuliko Ireland.

Nguzo za Kalokol zilipata umaarufu mwaka 1978, pale Mark Lynch na Lawrence Robbins walipoandika kwamba nguzo 19 za basalti zimeelekezwa kwenye nyota zinazotumiwa katika kalenda ya Waborana, na kwamba ni za mwaka 300 KK hivi. Wazo lilipendwa sana, na bado linazunguka. Lakini waliopima baada yao waliona kwamba mawe yenyewe yana sumaku inayovuruga dira. Na hata ukisahihisha vipimo, nguzo nyingi na nyota nyingi zitakupa mistari inayolingana kwa bahati tu. Linganisha na Newgrange: pale kuna kidirisha kilichojengwa makusudi, ambacho hakina kazi nyingine yoyote. Kalokol hakuna kitu kama hicho. Na tarehe ya 300 KK nayo haikusimama. Nguzo hizo ni za kundi moja na maeneo mengine ya nguzo kandokando ya ziwa, kama Jarigole upande wa mashariki na Lothagam upande wa magharibi, ambayo umri wake ni kati ya miaka 5000 na 4000.

Lothagam Kaskazini ndiyo imechunguzwa kwa kina kuliko yote. Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo, Elizabeth Sawchuk na wenzao walichapisha matokeo mwaka 2018. Wajenzi walitengeneza jukwaa la mawe la kipenyo cha mita 30. Katikati yake walichimba shimo kubwa ndani ya mchanga wa ufukwe hadi wakagusa mwamba, wakawa wanazika humo, mmoja karibu na mwingine, kwa karne kadhaa. Watafiti wanakadiria si chini ya watu 580. Wamo wanaume na wanawake, wazee na watoto wachanga. Shimo lilipojaa wakalifunika kwa mawe, wakasimamisha nguzo juu yake, baadhi zikitolewa umbali wa kilomita moja. Karibu kila aliyefukuliwa alikuwa na pambo: shanga za mawe ya rangi, pete na vidani vya pembe ya kiboko. Mmoja alikuwa na pambo la kichwani lililotengenezwa kwa meno ya panya wa jangwani zaidi ya 400, kwa hiyo walikamatwa panya zaidi ya 100 kwa ajili ya mtu mmoja. Lakini hakuna kona ya wakubwa. Hakuna aliyetengwa kwa mali nyingi, na watoto wamepambwa sawa na watu wazima.

Hawa walikuwa wafugaji wa kwanza katika eneo hilo. Walifika wakati mvua za kale zilipokuwa zikikatika, Sahara ikikauka, na ziwa likishuka kwa makumi ya mita na kuacha fukwe pana. Walikuwa wageni mahali pasipotabirika, kila familia ikihamahama na mifugo yake. Wachimbaji wa Lothagam wanaona makaburi haya kuwa mahali pa kukutania na kufungana undugu, ili mwaka wa ukame uwe na mtu wa kumwendea. Nami nakubaliana nao, na ndiyo sababu nasema somo lake ni kubwa. Kwa muda mrefu vitabu vimefundisha kwamba ukiona jengo kubwa la kale ujue palikuwa na mfalme, kilimo na ghala la nafaka. Turkana hapakuwa na kimoja kati ya hivyo.

Je, wana jamaa? Mifugo yao ilitoka kaskazini, na huko Nabta Playa, kusini mwa Misri, wafugaji walizika ng'ombe chini ya marundo ya mawe zamani kabla ya farao wa kwanza. Kama kuna undugu wa kutafutwa, tafuta huko kwa wafugaji wenzao. Na Bretagne hawana uhusiano wowote. Kule maiti waliwekwa ndani ya chumba chenye mlango ambacho walio hai waliweza kuingia. Hapa waliwekwa kwenye shimo la pamoja lililofungwa kabisa. Kinachofanana ni jiwe kubwa lililosimama, na tumeona kufanana kulivyowapeleka Montelius na Childe.

Wenyeji, kama unavyojua kuliko mimi, husema nguzo ni wacheza ngoma waliogeuzwa mawe baada ya kumdhihaki pepo mbaya. Waturkana hawa wa leo walifika maelfu ya miaka baada ya wajenzi, kwa hiyo kisa si kumbukumbu ya ujenzi. Nisingekitupa hata hivyo, kwa kuwa kimezuia nguzo zisigeuzwe mafiga na misingi ya nyumba, jambo ambalo Barnenez haikulipata.

Makaburi ya nguzo ya Pwani hayamo kwenye habari hii. Yale ya Kunduchi, Kaole, Gede, Malindi na Mambrui ni ya Waislamu wa miji ya Waswahili, na nguzo zake zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, kipande kwa kipande, wala si jiwe zima lililosimamishwa. Baadhi yake zilipambwa kwa bakuli za kauri kutoka China. Gede kuna kaburi lililoandikwa tarehe yake, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 BK. Wako waliowahi kupendekeza kwamba mtindo wa nguzo ulirithiwa kutoka kwa Wakushi wa bara. Ushahidi wao ulikuwa sura ya nguzo tu.

Ukilipeleka darasa lako Kalokol, wape kazi ya kuchora kila nguzo na kupima urefu na mwinamo wake kwa utepe, na dira wasiiegemeze kwenye jiwe. Wasihamishe hata kokoto. Mvua kubwa ikifunua mfupa au shanga, waache palepale, wapige picha wakiweka rula kando yake, kisha uwaarifu Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba au kuondoa vitu hivyo bila kibali, na mfupa uliotolewa mahali pake hauwezi tena kutuambia nguzo iliyo juu yake ni ya lini.